Tisa Bora: Mashairi ya Kale Yaliposhika Pedi

Kaa mkao wa kubisha. Hii ni orodha ya gemu za video zilizokwenda kukopa kwa washairi wa kale, kuanzia iliyokopa jina tu hadi iliyokopa roho. Ziko tisa kwa heshima ya Dante, ambaye Jehanamu yake ina duara tisa. Tofauti ni kwamba kwake kila ukishuka mambo yanazidi kuharibika, na hapa kila ukishuka yanazidi kunoga.

Kipimo changu ni kimoja na sikibadilishi hata ukinitumia wazee. Siangalii gemu imetaja washairi wangapi. Naangalia kama shairi limefika kwenye vidole. Ukibonyeza kitufe, unafanya kile ambacho shairi lenyewe lilikuwa likifanya, au unapita tu mbele ya picha ya mshairi ukutani?

Na wewe unayesema gemu ni mambo ya watoto, subiri kwanza. Mtunzi wa utenzi amefungwa na mizani nane kwa kila kipande, na ndani ya pingu hizo anaimba. Mchezaji amefungwa na vitufe vichache na sheria ambazo hakuzitunga, na ndani yake anashinda. Utamu wa wote wawili unatokana na kufungwa. Haya, twende.

9. Dante's Inferno (2010): mshairi apewa mundu

Dante Alighieri alimaliza utungo wake mkubwa muda mfupi kabla ya kufariki huko Ravenna mwaka 1321. Ndani yake, yeye mwenyewe ni msafiri mwenye hofu. Analia, anauliza maswali, na mwimbo wa tatu unapoisha anazimia. Wa tano unapoisha, anazimia tena. Visceral Games wakasoma hayo yote, wakasema: huyu apewe silaha. Katika gemu yao Dante ni askari wa vita vya msalaba, anapambana na Kifo chenyewe, anakinyang'anya mundu, kisha anashuka kumkomboa Beatrice aliyetekwa na Lusifa. Kwenye shairi ni kinyume kabisa: Beatrice yuko peponi salama salimini, na ndiye anayetuma msaada ili Dante aokolewe.

Kioja chenyewe kiko chini kabisa. Gemu inataka adui wa mwisho, kwa hiyo Lusifa anapigwa mpaka basi. Kwa Dante, Lusifa amekwama kwenye barafu hadi kifuani, nyuso tatu, anatafuna wasaliti watatu (Yuda, Brutus na Cassius) na hana habari na mgeni yeyote. Dante na mwongozaji wake, mshairi Virgil, wanafanyaje? Wanamshika manyoya na kumfanya ngazi ya kutokea. Adui mkuu wa viumbe vyote ni ngazi! Nionyeshe gemu yenye ujasiri wa kumaliza hivyo.

Nawapa sifa kwa jambo moja. Ukikutana na roho kama ya Francesca, yule wa mwimbo wa tano, gemu inakuachia uamuzi: muadhibu au msamehe. Dante wa shairini hakuwa na madaraka hayo. Aliweza kusikiliza tu, na kuhurumia hadi kuanguka. Hilo ni swali zito kumuuliza mchezaji, na lilistahili zaidi ya kamchezo ka kunasa dhambi zinazopita kwenye kioo.

*Hukumu: ramani wameichukua yote, msafiri wamemwacha nyumbani.*

8. Limbus Company (2023): Charon apata leseni ya basi

Hii imetoka Korea Kusini, kwa Project Moon, na imewapakia wahusika wa fasihi ya dunia kwenye gari moja. Yumo Faust, yumo Don Quixote, yumo Yi Sang aliyepewa jina la mshairi wa kweli wa Korea wa miaka ya 1930. Dante ndiye meneja, na mahali pa kichwa ana saa. Mwongozaji wao ni Vergilius. Na Charon, yule mvusha roho wa mtoni? Anaendesha basi.

Abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni hahitaji maelezo zaidi. Kwa Dante, Charon huwatandika kwa kasia wanaozubaa kupanda. Makonda, mmesikia: kazi yenu ina historia ndefu kuliko mnavyodhani.

*Hukumu: majina ni mengi na mashairi ni machache, ila lile basi linastahili heshima zote.*

7. Crisis Core: Final Fantasy VII (2007): jamaa asiyechoka kughani

Kila ukumbi una mtu wa namna hii. Mnajadili bei ya mafuta, yeye anakohoa kidogo, anatazama mbali, anaghani. Katika gemu hii anaitwa Genesis Rhapsodos, na shairi lake ni LOVELESS, lililotungwa na waandishi wa gemu wenyewe. Mji unaungua, Genesis anaghani. Rafiki anavuja damu, Genesis anaghani. Unapambana naye ana kwa ana, na bado beti zinatoka.

Utasema shairi la kubuni haliwezi kuingia kwenye orodha ya mashairi ya kale. Nami nitakujibu kwamba waliiga jambo moja la kale kwa usahihi mkubwa: LOVELESS halina mwisho. Kitendo cha mwisho kimepotea, na Genesis anateketeza maisha yake na ya wenzake akikitafuta. Hivyo ndivyo tulivyourithi ushairi wa kale. Tenzi za Gilgamesh zimetufikia kwenye vibao vya udongo vyenye mapengo. Kazi za Sappho zimebaki vipande vipande. Wapo wataalamu waliozeeka wakitafuta mstari mmoja. Tofauti yao na Genesis ni kwamba hawajaota bawa jeusi.

Ukitaka mghani wa shairi la kweli, yupo V wa Devil May Cry 5 (2019), ambaye huzunguka na kitabu cha William Blake mkononi huku ndege na chui wake wa kichawi wakimpigania. Mashabiki wake watasema namba saba ilikuwa yake. Ni kweli anasoma vizuri zaidi, lakini Blake ukimwondoa, V anaendelea na safari. LOVELESS ukiiondoa, Genesis hana hata sababu ya kuamka asubuhi.

*Hukumu: shairi ni la bandia, kiu ni ya kweli.*

6. Ghost of Tsushima (2020): haiku iliyowahi kuzaliwa

Mwaka ni 1274. Wamongolia wametua kisiwani Tsushima, vijiji vinawaka. Jin Sakai, samurai aliyeponea chupuchupu, anakunja miguu kwenye jamvi, anatazama maji, na anatunga haiku. Zawadi yake ni kitambaa kipya cha kufunga kichwani. Ukweli ni kwamba nimeona tuzo za fasihi zenye faida ndogo kuliko hiyo.

Wapenda kalenda, shikeni kalamu. Mwaka 1274 haiku haikuwepo. Samurai wa wakati ule angetunga waka, shairi la mizani 31 iliyopangwa tano, saba, tano, saba, saba. Kile kipande cha mwanzo cha mizani 17 kilikuja kusimama chenyewe baadaye sana. Matsuo Bashō, bingwa wake, alizaliwa 1644, na jina haiku lilikuja kuenezwa na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo Jin yuko mbele ya wakati kwa karne kadhaa, na hakuna anayemshangaa.

Mimi hilo silioni kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba huwezi kukosea. Kwa kila mstari unageuza macho, unachagua kati ya mandhari ulizopewa, na lolote utakalochagua linakubalika. Jaribu kumweleza hivyo mwalimu yeyote wa ushairi wa Kiswahili aliyewahi kukurudishia karatasi kwa sababu ya mizani moja iliyozidi. Ushairi usioweza kukosewa ni mapumziko, na hapa ni mapumziko mazuri: upepo unavuma, majani yanatikisika, mkono umeacha upanga.

Na ndipo gemu inapofaulu kweli. Inakulazimisha utazame kwanza ndipo useme. Mshairi huanza kazi kwa macho, na dakika hiyo moja kwenye jamvi inamfundisha mchezaji jambo hilo bila hotuba.

*Hukumu: tarehe sifuri, utulivu kumi.*

5. Child of Light (2014): ngonjera ya saa nyingi

Ubisoft Montreal waliamua mazungumzo yote ya gemu yawe na vina. Yote! Msalimie mtu, vina. Omba huruma ya adui, vina. Binti Aurora, mtoto wa mtawala mdogo wa Austria mwaka 1895, analala na kuamkia nchi ya Lemuria ambako hakuna anayejua kuongea nathari. Mwandishi wake, Jeffrey Yohalem, alikuwa ametoka kuandika Far Cry 3 yenye bunduki na matusi. Mtu akitoka huko akaja kuhesabu vina, mpe kiti.

Msomaji aliyekulia shule za Tanzania anaujua mtindo huu kabla hata ya kuwasha gemu. Mathias Mnyampala aliupa jina la ngonjera: wahusika wanasimama, mmoja anatoa ubeti, mwenzake anajibu, na hoja inatembea kwa miguu ya ushairi. Na aliyewahi kusimamishwa mbele ya mgeni rasmi kughani ngonjera anajua pia hatari yake, yaani kulazimisha vina. Child of Light inaanguka humo mara nyingi. Sentensi zinapindwa shingo ili neno la mwisho lifike kwenye kina, na maana inabaki nyuma ikihema. Washairi wetu walijitengenezea milango ya dharura ya inkisari, mazida na tabdila, wakikata neno hapa na kulirefusha pale kwa ruhusa ya mila. Aurora hakuwa na mlango wowote.

Lakini yupo Rubella. Huyu ni mchekeshaji wa sarakasi ambaye kila akikaribia kina anakosea, anatia neno lenye maana ileile lisiloendana, na wenzake wanamrekebisha. Kichekesho chake kinaingia kwa sababu sikio lako lilikuwa tayari linalisubiri lile neno sahihi. Bila kujua, gemu imekufundisha kusikia kina kabla hakijatamkwa.

*Hukumu: vina vimejaa hadi mlangoni, na Rubella peke yake ameipandisha nafasi mbili.*

4. Elegy for a Dead World (2014): kalamu ni silaha yako pekee

Hapa hakuna wa kumpiga. Wewe ni msafiri wa anga uliyebaki peke yako, unatua kwenye dunia tatu zilizokufa, na unachofanya ni kuandika. Dunia hizo zinatokana na washairi watatu wa Uingereza: Byron, Shelley na Keats. Unatembea kati ya magofu, gemu inakupa sentensi zenye mapengo, wewe unajaza. Ukitaka, unazifuta zote na kuandika zako. Kisha wachezaji wengine wanasoma ulichoandika.

Uchaguzi wa hao watatu una uchungu ndani yake. Keats alifia Rome mwaka 1821 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25. Shelley alizama baharini Italia mwaka uliofuata, akiwa na miaka 29. Byron alifia Ugiriki mwaka 1824, akiwa na miaka 36. Ndani ya miaka mitatu na ushee wote wameondoka. Kukuweka wewe kwenye dunia tupu yenye jina la mmoja wao na kukuambia "andika" ni ombolezo lililogeuzwa kuwa zoezi.

Kwa nini basi haiko juu zaidi? Kwa sababu gemu haikujibu. Ukiandika kitu kizito au ukiandika orodha ya mahitaji ya sokoni, magofu yanabaki yalivyo. Nataka dunia inayoshtuka ninaposema neno. Wapenzi wa gemu za polepole watanikasirikia hapa, na wanakaribishwa.

*Hukumu: iko karibu na kalamu kuliko zote, na mbali kidogo na pedi.*

Mapumziko bila namba: Baba Yetu

Kabla ya tatu bora, simama kidogo kwa heshima. Civilization IV (2005) inafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili. Mtunzi wake ni Christopher Tin, Mmarekani, na maneno ni ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda Grammy. Kwenye albamu yake ya Calling All Dawns uko pamoja na wimbo wa Kiajemi wenye maneno ya Omar Khayyam, kwa hiyo Kiswahili kimekaa meza moja na mmoja wa washairi wakubwa wa dunia.

Sala haihesabiwi kama shairi, ndiyo maana sikuupa namba. Lakini mamilioni ya watu wasiojua hata "hujambo" wameimba Kiswahili huku wakisubiri gemu ifunguke, na atakayesema hilo ni dogo tukutane nje.

3. God of War (2018): stelingi hafi, labda ujue pa kumgusa

Kwenye mabanda ya video tulikubaliana zamani: stelingi hafi. Washairi wa kale walikubali, ila wakaongeza sharti dogo. Ana pahali pamoja.

Baldur wa mashairi na simulizi za Kinorse hakuguswa na kitu. Mama yake, Frigg, aliviapisha vitu vyote visimdhuru, akauacha mmea mmoja mdogo, mistletoe, kwa kuuona mchanga mno. Loki, yule mjanja wa miungu, akaujua mwanya huo, na Baldur akafa. God of War inamchukua Baldur huyohuyo na kufanya ukali wa ajabu: hasikii chochote, si maumivu, si ladha ya chakula, na anamchukia mama yake kwa kumpa uhai wa namna hiyo. Unapambana naye tena na tena, ukijua hapigiki. Kisha kipande cha mshale wa mistletoe kilichokuwa kimeshikilia mkanda wa podo la Atreus, mtoto unayesafiri naye, kinamchoma Baldur mkono, kwa bahati. Mwishoni unaelezwa kwamba jina ambalo mama yake Atreus alitaka kumpa ni Loki. Shairi limetimia kwa mlango wa nyuma, na ulikuwa umembeba mhusika wake muda wote.

Sasa sogea tuongee kifamilia. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una mpango huohuo, na kwa maoni yangu una uchungu zaidi. Kuna gereza: mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ambao walinzi wanauacha upite kwa sababu haupendezi machoni, halafu ngoma ya gungu inapigwa nje ili kelele zifunike sauti ya minyororo ikikatwa. Hiyo ni hatua ya kunyemelea iliyokamilika, pamoja na muziki wake. Kuna siri: sindano ya shaba, kitovuni. Na anayeitumia siri hiyo ni mwana wa kumzaa mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme wa Pate. Liyongo anaamka na sindano mwilini, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale ukiwa tayari. Anafia hapo, na mji mzima unakosa maji kwa hofu ya maiti. Mpiganaji anayelinda kisima baada ya kufa! Studio zinahangaika kutafuta adui wa kutisha, na sisi tunaye, amepiga goti.

Kwa watakaoleta kisigino cha Achilles: hakimo kwenye Iliad. Ni simulizi za baadaye. Kitovu cha Liyongo kimo ndani ya utendi wenyewe, beti na vina.

Pointi ya nyongeza iende kwa God of War Ragnarök (2022), yenye mashairi yaliyofichwa ya Kvasir, yule ambaye kwenye simulizi za Kinorse damu yake ilitengenezwa pombe ya ushairi. Humo, mashairi yake yanagusia gemu nyingine za PlayStation. Kuuawa na kufanywa pombe, kisha kufanyishwa matangazo: Kvasir ameteseka kuliko mshairi yeyote ninayemjua.

*Hukumu: imeelewa kwamba udhaifu wa shujaa ni hadithi nzima, na mama ndiye anayeujua.*

2. Assassin's Creed Valhalla (2020): matusi yenye mizani

Hii ndiyo nafasi nitakayoitetea hadi usiku wa manane. Ndani ya gemu ya mashoka na kuchoma ngome, kuna mchezo wa flyting. Unamkabili mtu, mnaweka dau la fedha, anakutupia mistari, na wewe una sekunde chache kuchagua jibu linaloendana kwa mapigo, kwa kina na kwa maana. Ukishinda, ulimi wako unapata heshima, na baadaye unaweza kumaliza ugomvi kwa maneno pale ambapo wengine wangechomoa shoka. Ushairi kama nguvu inayopimwa! Hilo ni jambo ambalo jamii za zamani zilijua na karatasi za mitihani zimesahau.

Mila yenyewe ni ya kweli. Katika Lokasenna, iliyohifadhiwa kwenye hati ya Kiaisilandi ya karne ya 13, Loki anaingia kwenye karamu na kuwavua nguo miungu mmoja mmoja kwa maneno. Ila wataalamu watawabana waandishi wa gemu kwa jambo moja: Wanorse wa wakati ule walifunga mistari yao kwa kurudia sauti za mwanzo wa maneno, na gemu inatumia vina vya mwisho. Kosa lipo, na nimelisamehe kwa sababu sikio la mchezaji lazima lijue limeshinda.

Babu yake kwenye gemu ni The Secret of Monkey Island (1990), ambako maharamia hupigana kwa panga huku mshindi akiamuliwa na tusi na jibu lake. Unajifunza majibu kwa kutukanwa. Kisha unakutana na bingwa wa upanga, naye anakuja na matusi ambayo hujawahi kuyasikia, na inakubidi uyabandike majibu yako ya zamani kwenye maswali mapya. Mwaka 1997, The Curse of Monkey Island ikaongeza sharti: mkiwa baharini, jibu lazima lifuate kina.

Nani atatushangaza hapo sisi Waswahili? Muyaka bin Haji alikuwa akiwachokoza mahasimu wa Mombasa kwa beti, Lamu ikiwemo, karne ya 19. Kamange na Sarahani wa Pemba walijibizana kwa beti kwa kiwango ambacho watu bado wanakisimulia. Kurasa za mashairi za magazeti zimeendesha malumbano ya miezi: mmoja anauliza fumbo, wa pili anajibu kwa vina vilevile, wa tatu anawaambia wote wawili hawajui. Sheria ni zilezile za Valhalla. Lazima ujibu hoja, lazima ushike bahari ya aliyekuanza, na hadhira ndiyo inayotoa alama. Aliyeshindwa mizani ameshindwa hata kama hoja yake ni nzito.

Ndiyo maana iko hapa juu. Ukibonyeza kitufe kwenye flyting, unafanya ushairi, na ukikosea unaumbuka mbele ya watu.

*Hukumu: gemu pekee kati ya hizi ambayo bibi yangu angeicheza na kunishinda.*

1. Hades (2020): kufa, kurudi, kuanza upya

Mwanafunzi wa gemu atanyanyua mkono: Hades haina hata mchezo wa kutunga shairi, imefikaje namba moja? Nisikilize.

Miaka ya 1930, Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia na mitambo ya kurekodi sauti, akawasikiliza waimbaji wa tenzi waliopiga gusle, chombo cha uzi mmoja. Alitaka kujua Homer, mshairi wa Iliad, aliwezaje kutunga. Alichokiona ni kwamba mwimbaji hakuwa amekariri utenzi mzima. Alikuwa na akiba ya vipande vilivyo tayari: majina ya sifa, tukio la shujaa kuvaa silaha, tukio la karamu, tukio la safari. Kila usiku alivipanga upya mbele ya watu. Hadithi ilikuwa ileile na haikuwahi kuwa ileile. Parry alifariki 1935 akiwa na miaka 33, na mwanafunzi wake Albert Lord akalieleza jambo hilo kwa kina katika The Singer of Tales, mwaka 1960.

Sasa washa Hades. Zagreus, mwana wa Hades, anataka kutoroka kuzimu. Vyumba viko tayari, maadui wako tayari, neema za miungu ziko tayari, na kila akitoka mlangoni vinapangwa upya. Akifa anaibukia kwenye dimbwi la damu nyumbani kwa baba yake, na pale pale mazungumzo yanaendelea kutoka yalipoishia. Kufa ndiko kunakosogeza hadithi. Kwa gemu nyingine kurudia ni adhabu, na hapa kurudia ndiyo sanaa yenyewe, kama ilivyokuwa kwa wale waimbaji. Hata msimuliaji ni Homer mzee, na Zagreus humsikia na kumbishia! Supergiant Games wamejenga mtambo wa utenzi simulizi na kuuweka mikononi mwako. Mwaka 2021 ikapata tuzo ya Hugo, tuzo iliyozoea vitabu, na hakuna aliyepaswa kushangaa.

Halafu lipo la Achilles. Kwenye gemu ni mlinzi wa nyumba ya Hades, mpole, mwenye huzuni. Patroclus, mwandani wake, yuko Elysium, pepo ya mashujaa, peke yake, amekaa chini na hataki kuongea. Unapita kwake, unakufa. Unarudi kwa Achilles, mnaongea kidogo. Unapita tena, unakufa tena. Unabeba maneno ya mmoja kwenda kwa mwenzake, kifo kimoja baada ya kingine, hadi unagundua kwamba Achilles alisaini mkataba wa utumishi ili Patroclus apate nafasi Elysium. Kisha unahangaika kuuvunja mkataba huo.

Iliad haifiki huko. Inaishia kwenye mazishi ya Hector, Achilles akiwa bado hai na akijua kifo kinakuja. Ni kwenye Odyssey, kitabu cha 24, tunapoambiwa kwamba mifupa yake ilichanganywa na ya Patroclus kwenye chombo kimoja cha dhahabu. Homer aliwakutanisha wakiwa mifupa. Hades imekufanya wewe ufe mara kadhaa ili wakutane wakiwa na sauti, na ukiwakuta wamekaa pamoja pale Elysium, unajua ni miguu yako iliyoifanya kazi hiyo. Niambie ni uhakiki gani wa Iliad uliowahi kukuchosha mikono namna hiyo.

*Hukumu: namba moja, na sibanduki. Anayetaka kuiondoa alete gemu ya Liyongo, nitampisha mwenyewe.*